Mstari Niliouchora Ziwani

Watu wakiambiwa kwamba kazi yangu ni kuangalia ziwa kwa setilaiti, hunitazama kana kwamba nimewahi kupanda huko juu. Sijapanda. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kufika kwa ajili ya kazi hii ni ghorofa ya tatu ya ofisi yetu mjini Nakuru, na lifti hatuna. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, magoti yangu yananung'unika kila ngazi, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Setilaiti hupita juu ya bonde letu kila baada ya siku chache, kabla ya saa tano asubuhi, na kupiga picha. Maji yenye mwani mwingi, vile vimea vidogo vinavyogeuza ziwa likawa kijani, hurudisha mwanga kwa namna yake, na maji yenye matope kwa namna nyingine. Kompyuta husoma tofauti hiyo na kuchora ramani ya rangi. Ila kompyuta haiaminiki bila shahidi, kwa hiyo siku ya picha lazima mtu awe majini saa ileile, na chupa zake, na ile sahani nyeupe tunayoizamisha kwa kamba mpaka isionekane tena. Mtu huyo ni mimi. Natoka nyumbani mtaa wa Free Area kabla ya jua, napita vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi, nafika ziwani, nasukuma mashua, nateka maji. Kisha dakika kumi kabla ya saa ya picha, wingu moja linakuja kukaa juu ya ziwa kama mgeni asiyejua kuaga. Narudi nyumbani na chupa zisizo na picha. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba siku hizi nikiona anga safi napata wasiwasi.

Ziwa lenyewe sitalitaja. Wanaoishi kando yake watalijua, na wengine haiwahusu. Inatosha kusema kwamba maji yake si ya magadi kama yale ya Nakuru, kwa hiyo ng'ombe huyanywa.

Kwa sababu ya ng'ombe hao tulianza kubandika karatasi. Wazo lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Mwani wa aina fulani una sumu, na ukijaa mahali pamoja unaweza kuangusha ng'ombe mzima kabla jua halijazama. Nikasema, kama picha tunazo, kwa nini zilale ofisini? Kila Jumatatu nikawa namtumia karani wa chifu ramani ndogo, naye anaichapisha na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya mazishi na vitambulisho vilivyopotea. Tulibishana ofisini kuhusu rangi. Bosi wetu alitaka kijani iwe ndiyo salama, kama taa za barabarani. Nikamwuliza, maji ya kijani ndiyo yanayoua, sasa utamwambiaje mtu kijani ni sawa? Tukakubaliana bluu iwe salama, njano uangalie, nyekundu usinyweshe. Tuligawa ufuo kwa vituo vyenye namba ili kila mtu ajue pake.

Wengi waliipuuza karatasi. Walipita wakienda kutafuta barua za chifu, wakaitupia jicho, wakacheka. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyeisoma. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa na shamba lililoshuka hadi majini upande wa Kituo cha Nne. Siku ya kwanza kukutana naye alikuwa amevaa miwani yake mbele ya ubao, kidole kikifuata ufuo kwenye ramani kama mtu anayesoma Biblia ya maandishi madogo.

"Hii ni yangu hapa?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Kituo cha Nne."

"Na hiyo kitu iko juu inaona hadi kwangu?"

"Inaona maji ya kwako."

"Asante, daktari," alisema. Mimi si daktari. Nina diploma ya maabara na cheti cha mambo ya ramani. Lakini kando ya ziwa, yeyote mwenye chupa za maji na glavu huitwa daktari, na ukikataa mara tatu unachoka, unaitika. Tangu siku hiyo, kila nilipofika kuteka maji, alinisimamisha kunisalimu. Aliniambia hanyweshi ng'ombe Jumatatu kabla hajapita kwa chifu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Katika kazi yangu yote sikuwa nimempata mtu mwingine aliyebadilisha hata saa moja ya siku yake kwa sababu ya kitu nilichochora.

Sasa nieleze kuhusu mstari, kwa maana mambo yote yametoka hapo.

Nilipotengeneza ramani ya kwanza, ufuo wote ulitoka mwekundu, ziwa zima likawa kama jicho lenye ugonjwa. Bosi alicheka mpaka akatoa kitambaa. Sababu ilikuwa ndogo tu: setilaiti haikujua mahindi ni nini wala matete ni nini. Iliona kijani, ikadhani ni mwani. Dawa yake ni kuikatia kompyuta mpaka: unachora mstari kuzunguka ziwa, unaiambia kwamba nje ya huu ni nchi kavu, usiangalie. Nilichora mstari huo kwa mkono wangu, kwa kipanya, wiki nzima, macho yakiniwasha. Mwaka huo ziwa lilikuwa limepungua. Na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa, niliuvuta mstari ndani kidogo, mbali na matete, ili nisipate aibu nyingine. Ramani ikatoka safi. Nikahifadhi mstari, na kuanzia hapo kompyuta ikawa inakata kila picha yenyewe kabla mimi sijaiona.

Kisha mvua zikaja, mwaka baada ya mwaka, na maziwa yote ya bonde yakapanda. Hilo hakuna asiyelijua. Ziwa letu lilimeza nyua, likameza migomba, likaingia kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mahali tulipozoea kuingizia mashua pakawa katikati ya maji, tukahamia juu zaidi, kisha juu tena. Yule mama alipoteza kipande kizima cha chini cha shamba lake, pamoja na zizi la zamani na nepia yake yote, majani ya kulishia ng'ombe. Mimi mwenyewe nilipita pale kwa mashua, nikaona nguzo za lango lake zimetokeza juu ya maji, nikazipiga picha kwa simu. Nikamtania hata, nikamwambia sasa ana shamba la samaki. Lakini kuhusu mstari sikuwaza. Nilikuwa nikielea juu ya maji ambayo kompyuta yangu, kwa amri yangu, ilikuwa ikiyaita nchi kavu. Na kwa kuwa Kituo cha Nne lazima kipewe rangi, kompyuta ilichukua maji ya karibu yaliyokuwa ndani ya mstari, yaani maji ya kina, ya katikati, masafi, ikampelekea yule mama.

Ng'ombe wake watatu walikufa siku moja, Alhamisi. Mimi nilipata habari Jumanne iliyofuata, nilipokwenda kuteka maji. Nilimkuta ameketi kwenye gogo karibu na mashua, mikono mapajani, na nikajua kuna jambo, kwa sababu sijawahi kumwona amekaa bila kazi mikononi.

Alinieleza taratibu. Aliwanywesha pale pale kwenye kona yake, palipokuwa shamba, kama kawaida. Wengine hunywesha kwenye ufuo wa umma, yeye alikuwa na maji mlangoni. Mchana wakaanza kutetemeka, miguu ikalegea, na jioni walikuwa wamelala watatu kwa mstari. Wa nne alikuwa amebaki zizini kwa sababu ya mguu.

"Daktari wa mifugo alisema ni sumu," aliniambia. "Akaniuliza maji. Nikamwambia maji iko sawa, nimeangalia karatasi Jumatatu, ni bluu. Akasema basi kama si maji, kuna mtu amewawekea."

"Mtu gani?"

"Shemeji yangu. Nani mwingine?"

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, jirani yake wa ua kwa ua. Maji yalipomeza sehemu ya chini walianza kuvutana juu ya kile kilichobaki juu, na siku moja akiwa na hasira alisema langoni kwamba tutaona hao ng'ombe watalala wapi. Maneno ya kawaida ya watu wawili waliochoshana. Lakini wiki ileile ya vifo alikuwa amenunua dawa ya kupe kwenye duka la agrovet, na watu walimwona na chupa. Jumapili baada ya kanisa familia ilikaa. Wakamwita, akakana, hawakumsikia. Yule mama akamwambia mbele ya watoto wake asikanyage kwake tena, na wazee wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukawa ndiyo hukumu. Kesho yake mzee wa watu akafunga godoro lake, akabadilisha laini ya simu, akaondoka.

Nilimwambia pole. Nikaingia kwenye mashua nikafanya kazi yangu. Sikushuku lolote, na hilo huwa nalirudia kichwani: nilikuwa na chupa mkononi, umbali wa kurusha jiwe kutoka pale walipokunywa, na sikushuku.

Nilijua siku tatu baadaye, tena kwa bahati. Wageni wangekuja ofisini, na bosi alitaka picha kubwa ya ziwa ya kuweka ukutani, picha nzima yenye vilima na mashamba, iwe ya kupendeza. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilifungua picha ambayo haijakatwa. Ilikuwa ya Jumanne ileile niliyokuwa majini. Ilikuwa nzuri kweli. Na upande wa Kituo cha Nne, juu ya shamba la yule mama, kulikuwa na ulimi wa kijani uliokolea kama rangi iliyomwagika kutoka kwenye kopo. Nikafungua ya wiki iliyotangulia. Ulikuwepo. Ya kabla yake, ulikuwepo, mwembamba zaidi. Upepo ulikuwa umeusukuma mwani kwenye kona ile ya maji ya kina kifupi, yenye joto, juu ya samadi ya zizi lililozama, nao ukashiba ukaongezeka. Nikauweka mstari wangu juu ya picha. Ulimi wote ulikuwa nje yake.

Baba yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi kwenye reli, akipanga njia za treni pale stesheni. Alikuwa akisema anapenda kazi yake kwa sababu akikosea, mji mzima unasikia. Mimi nilikuwa nimekosea kwa miaka, na hakuna kilichotoa sauti. Nilikaa pale nikaona aibu, aibu ya mtoto aliyevunja kitu akiwa peke yake nyumbani.

Bosi si mtu mbaya. Aliangalia picha, akavua miwani, akakaa. Akasema turekebishe mstari siku hiyohiyo, na kwenye kumbukumbu tuandike tumesahihisha mipaka ya ziwa.

"Na yule mama?" nikauliza.

"Umwambie nini? Ukisema ni karatasi, kesho kila mtu aliyefiwa na kuku atakuja hapa na mwili wake. Watafunga huu mradi. Halafu nani atawaambia maji ikiwa mbaya?"

Hoja yake ilikuwa na maana, na mimi nilikuwa natafuta hoja yenye maana. Nikakaa siku mbili nikichora mstari mpya. Nilijiambia kwamba kusahihisha ndiko kusema. Jumatatu karatasi ilitoka na Kituo cha Nne chekundu, na nikaipeleka mwenyewe, nikaibandika kwa mkono wangu, nikijihisi mtu mwema.

Yule mama alikuja nikiwa bado nimeshika pini. Akavaa miwani, akasoma, akashika mdomo.

"Imeharibika," alisema. "Sasa ndiyo imeharibika. Afadhali huyu mmoja yuko zizini."

Mwanamume aliyesimama nyuma yetu akatikisa kichwa. "Kwa hivyo hiyo wiki ingine maji ilikuwa poa. Si mnaona? Ni yeye tu."

"Ni yeye tu," yule mama alisema. "Na mimi nilikuwa nimeanza kuwaza labda nimemwonea."

Nilielewa pale pale nilichokuwa nimefanya. Kabla ya karatasi ile nyekundu, kulikuwa na shaka ndogo imebaki moyoni mwake, na mimi ndiye niliyeiziba. Sikumsahihishia mtu yeyote chochote. Nilimfungia yule mzee mlango kwa nje. Na bado sikusema. Nilisema nina haraka, nikaingia kwenye gari, nikaendesha hadi Nakuru na pini za ubao zikiwa bado kwenye kiganja. Wiki nzima sikula vizuri. Nilimkasirikia bosi, nikamkasirikia daktari wa mifugo, nikamkasirikia hata yule mama kwa kuniamini, kana kwamba nilimwomba.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwake. Nilikuta wanapaka kuta chokaa, na wanawake wawili wanachagua maharagwe uani. Jumamosi kulikuwa na ruracio ya binti yake wa mwisho, watu wa upande wa mvulana walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Alinitolea kiti, akaniletea chai, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye kunieleza shida yake. Baba wa binti hayupo. Siku kama hiyo, anayekaa mahali pa baba ni ndugu yake, ndiye anayewapokea wageni na kuzungumza nao. Na ndugu ni yule mmoja tu.

"Nitamweka nani hapo?" aliniuliza. "Mtu wa kanisa? Wageni wataniuliza nyinyi hamna watu?"

Basi nikasema. Sikupata njia nzuri, nikasema hivihivi, nikitazama chai. Nilimwambia kuhusu mstari, kwamba niliuchora mimi, kwamba maji ya kwake hayakuwa yakiangaliwa hata siku moja tangu yapande, kwamba ile bluu ilikuwa ya mahali pengine. Nilimwambia mwani ulikuwepo tangu kabla ng'ombe hawajafa.

Wale wanawake waliacha maharagwe.

"Nilikuwa naona iko kijani," alisema mwishowe. "Nikasema ni nepia yangu inaoza huko chini. Nikasema, kama ingekuwa mbaya, karatasi ingesema."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo shemeji hakufanya."

"Hakufanya."

"Na wewe umejua lini?"

Nilihesabu, ingawa nilijua. "Siku kumi."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumzika. Alichukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekimaliza, akamwaga chai kwenye nyasi, akakiweka juu ya kingine. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za siku, "Yuko Dundori. Nasikia anavuna viazi kwa shamba la mtu. Wewe ndiye utaenda kumwambia. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Nilipanda Dundori Alhamisi. Bosi nilimwambia kila kitu kabla ya kwenda, akasema nimeuua mradi, nikamwambia labda. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nilimkuta yule mzee pembeni mwa shamba, amevaa koti la mvua lisilo na vifungo, anashona midomo ya magunia ya viazi kwa sindano ndefu. Ana miaka zaidi ya sitini. Watu wa umri wake hukaa kwao wakiwaambia wengine namna ya kushona.

Nilimwambia mimi ni nani na nimetumwa na nani. Aliendelea kushona. Nikamweleza yote, kuanzia mstari hadi siku kumi. Hakunikatiza ila mara moja.

"Hiyo kitu iko juu, iliona hao ng'ombe wakikunywa?"

"Hapana, mzee. Haioni ng'ombe. Inaona rangi ya maji tu."

"Sawa," alisema, akakata uzi kwa meno.

Nilipomaliza, nikamwambia kuhusu Jumamosi, kwamba wageni wanakuja na mahali pa baba hapana mtu. Nikamwambia jina lake limesafika. Alikalia gunia aliloshona, akapumzisha mikono.

"Madam, mimi nilikuwa najua sikuua ng'ombe ya mtu. Hapo hujaniletea habari. Habari mimi nilipata ile Jumapili. Tulikuwa watu kumi na saba kwa hiyo nyumba, wengine nimewabeba mgongoni wakiwa watoto, na hakuna mmoja alisema, huyu hawezi. Hata huyo msichana anaolewa. Alikuwa amekaa hapo."

Nilisema samahani, na neno lilikuwa dogo sana pale shambani.

"Wewe ulikosea hesabu," aliendelea, bila ukali wowote. "Hiyo naelewa. Mtu anakosea. Lakini si wewe uliniambia nisikanyage kwetu. Yeye ndiye alisema. Sasa anatuma mtu wa ofisi?"

"Anaona aibu, mzee."

"Aone. Hata mimi niliona." Akanipa simu yake nikajipigia, ili niwe na namba. "Akinipigia yeye mwenyewe, hata kesho asubuhi, nitashuka. Koti ya kuvaa iko. Asiponipigia, wapike tu."

Hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinijazia mfuko wa viazi, vikubwa, akanibebea hadi kwenye gari, na hilo ndilo lililokaribia kunitoa machozi.

Nilishuka polepole, kwa sababu barabara ilikuwa na utelezi. Karibu nusu ya njia simu ikalia. Nilijua ni nani. Nikaegesha kando, nikazima injini.

"Halo, daktari. Umempata?"

"Nimempata, mama. Nimemwambia kila kitu. Nimemwambia ni mimi."

"Eeeh, Mungu asifiwe." Nilisikia akigeuka na kuwaambia watu kwamba amepatikana, na nyuma yake sauti za wanawake zikapanda. "Sasa anakuja saa ngapi? Nimtumie mtu wa kumchukua?"

"Haji, mama. Si hivi hivi."

Sauti zile za nyuma ziliendelea kidogo, kisha zikakoma.

"Amesema nini?"

"Anataka kusikia kwako. Amesema ukimpigia wewe mwenyewe atashuka, hata kesho. Ana laini nyingine siku hizi. Nina namba hapa."

Alinyamaza. Niliufahamu ule unyamavu, nilikuwa nimekaa ndani yake siku kumi. Nilitaka kumwambia kwamba hausaidii, kwamba kila siku unayokaa humo mlango unazidi kuwa mzito, lakini mimi sikuwa mtu wa kumfundisha hilo.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nitafute kalamu."

Nikangoja. Nilimsikia akimwita mtu amletee kalamu, kisha nikasikia simu ikiwekwa juu ya meza. Ukungu ulikuwa umefunika kioo chote cha mbele. Nilisikia sufuria, nikasikia mtoto akilia na kubembelezwa, nikasikia mtu akisema kalamu ni hii hapa, iko hapa, mama, kalamu. Nilikaa na simu sikioni mpaka mkono ukafa ganzi, na hakurudi.